Mwendo Usiolingana na Hali ya Barabara

Mina Roetman aligonga trela ya farasi Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa tano asubuhi, katika jimbo la Wyoming, maili mia sita na hamsini kutoka nyumbani. Alikuwa anatoka Idaho kumwona dada yake Trudena, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Garini alikuwa peke yake. Upepo ulikuwa ukisukuma theluji kutoka mbugani na kuivusha barabara, theluji ya chini chini inayofunika lami huku juu anga ni buluu tupu. Ghafla ikainuka, na kila kitu kikawa cheupe. Mina akaondoa mguu kwenye mafuta. Breki hakuigusa, maana anaijua barafu. Kisha mlango wa nyuma wa trela ukatokea mbele yake kama kitu kilichotundikwa hewani, na hapo akaikanyaga.

Nyuma yake yaligongana magari mengine tisa. Hakufa mtu. Mina aliteguka kifundo cha mkono wa kushoto na gari lake halikufaa tena. Ndani ya trela mlikuwa na farasi wawili, mmoja akavunjika mguu wa nyuma. Mwenye trela, mwanamume mrefu kwa jina Royce Cutshaw, alimshika kichwa kwa muda wa saa nzima katika upepo ule mpaka daktari wa mifugo alipofika na kumdunga sindano ya mwisho. Mina aliyaona yote hayo akiwa amekaa ndani ya gari la askari, anajaza fomu kwa mkono mmoja.

Askari alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama, nakuandikia kosa moja tu. Mwendo usiolingana na hali ya barabara."

"Nilikuwa maili thelathini na tano kwa saa."

"Nimekusikia, mama."

"Hapa wanaruhusu sabini na tano."

"Ndiyo, mama. Lakini umegonga."

Akampa karatasi ya manjano. Nyuma yake palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza, unakiri kosa na kutuma faini kwa posta, dola mia moja thelathini na tano, na mambo yanaisha. Cha pili, unakana, na mahakama ya mji wa Harker inakupangia siku ya kufika. Jibu lilitakiwa kabla ya tarehe tano Januari.

Mtu mwingine angelipa akasahau. Lakini Mina ni dereva wa basi la shule hapa kwetu Nieuwkamp, Iowa, njia namba nne, mwaka wa ishirini na saba sasa, na katika miaka hiyo hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Nusu ya watu wazima wa mji huu wamepanda basi lake. Isitoshe, yeye ndiye anayewafundisha madereva wapya. Mimi pia alinifundisha. Kila Agosti hutupanga kwenye uwanja wa maegesho na kutuambia neno lile lile: "Ukimgonga aliye mbele yako, ulikuwa unakwenda kasi. Usiniletee habari za barafu, usiniletee habari za jua machoni. Ulikuwa unakwenda kasi." Baadhi yetu tulikuwa tukimwigiza sauti akishageuka.

Mengi ya haya alinisimulia mwenyewe baadaye, na mengine nilisikia kwa mumewe.

Mumewe, Harlan, anafuga nguruwe na hapendi maneno mengi. Mina aliporudi, kwa basi la abiria na mkono umefungwa bendeji, Harlan alimpakulia supu ya njegere, akaisoma karatasi ya manjano pande zote mbili, akairudisha mezani.

"Lipa," alisema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ulikuwa kwenye barafu, umegonga. Lipa, ukae nyumbani kidogo. Unisaidie na nguruwe."

"Nguruwe wako hawana shida ya dereva, Harlan."

"Wana shida ya mtu wa kuwasemesha. Mimi nimeishiwa."

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa shule za wilaya yetu, Kendall Dorhout. Kendall naye alipanda njia namba nne tangu chekechea mpaka alipopata leseni yake mwenyewe.

"Funga mlango, Mama Mina."

"Nimeshaufunga. Ungeangalia."

Kendall alipangusa miwani. Alimweleza kwamba watu wa bima ya mabasi wana sharti lao: dereva akikiri kosa la kugonga, au akipatikana na hatia, hashiki usukani wa basi la watoto kwa miezi kumi na miwili. Kesi ikifutwa au ikibadilishwa kuwa kitu kingine, basi hakuna lililotokea.

"Kwa hiyo pinga," alisema. "Nakuomba. Sina dereva wa kuweka njia namba nne."

"Unataka nikadanganye mahakamani?"

"Nani kasema udanganye? Nimesema upinge. Ni vitu viwili."

"Vinafanana kama ndugu wa tumbo moja." Mina akainuka. "Ulinitapikia basini mara mbili mwaka mmoja, Kendall, na sikukuandika popote."

"Nilikuwa darasa la kwanza, mama!"

"Ndiyo maana sikukuandika."

Kendall alimpa namba ya wakili huko Harker, mwanamke anayeitwa Tibbets. Mina alimpigia siku ya pili, na wakili akapokea simu kinywa kimejaa.

"Samahani, natafuna. Umenikuta kwenye chakula. Endelea tu, nasikia."

Mina alieleza. Wakili akasema kesi za namna hiyo anazo kila majira ya baridi. Askari huhamishwa, wengine hawaji mahakamani, na mwendesha mashtaka ana mafaili kufika dirishani. "Tutazungumza naye. Atakubadilishia liwe kosa la taa mbovu. Unalipa kidogo, leseni yako haiguswi, kila mtu anakwenda nyumbani."

"Taa zangu zilikuwa nzima."

"Najua, mama. Ndivyo inavyofanyika."

"Na lile kosa lenyewe? Nimelitenda au sikulitenda?"

Kutafuna kukakoma upande wa pili.

"Wateja hawaniulizi hilo," alisema wakili. "Kwa kweli, hata sijui ningewajibu nini."

Mina alimshukuru, akasema atafikiri.

Akafikiri Desemba nzima. Hakuwa analia wala kulalamika. Alikuja kazini kutayarisha ratiba, kwa kuwa mkono haujapona, na mimi nikaendesha njia yake. Ila nilimwona mara kwa mara amesimama mbele ya ramani ya njia ukutani, kalamu mkononi, haandiki kitu. Kanisani, Harlan alisema, peremende aliyokuwa akimpa mkewe kila hubiri linapoanza ilikuwa inabaki kiganjani mwake mpaka wimbo wa mwisho.

Alikuwa akiipitia safari ile kichwani, dakika baada ya dakika, na kila mara alikwama pale pale. Maili sita kabla ya ajali palikuwa na njia ya kutoka barabara kuu, na kituo cha mafuta. Malori yalikuwa yameshapanga mstari pale, madereva wake wamekataa kuendelea. Mina aliyaona. Aliwasha indiketa. Akaisikia ikigonga, tiki, tiki, kisha akaizima na kupita.

Hilo alimwambia Harlan peke yake, zikiwa zimebaki siku chache Krismasi ifike, huku wakiosha vyombo.

"Ulizima kwa nini?"

"Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kahawa."

"Kahawa ya kanisani?"

"Birika kubwa mbili na keki. Sijawahi kukosa zamu."

Harlan alifuta sahani ambayo tayari ilikuwa kavu. "Dena Kooiman angepika hiyo kahawa."

"Dena Kooiman hupika maji ya kahawia."

"Ni kweli," alisema Harlan.

Sasa basi, karatasi ilisema mwendo. Kuhusu mwendo, Mina angeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba maili thelathini na tano ilikuwa busara tupu. Kuhusu indiketa, karatasi haikusema kitu. Alikuwa ameshtakiwa kwa jambo ambalo aliamini hakulitenda, na lile alilotenda halikuandikwa popote. Akikiri, anasaini uongo. Akikana na kushinda, anasaini uongo wa pili. Hivyo ndivyo alivyoniambia, na alikuwa akihesabu kwa vidole.

Tarehe ishirini na tisa Desemba, jioni, simu ikalia.

"Ni Royce Cutshaw. Mwenye trela."

"Nakukumbuka, bwana."

"Mkono vipi?"

"Unapona. Farasi wako wa pili?"

"Anakula. Hapendi tena kupanda trela, na simlaumu. Sikiliza, mama. Taa ya nyuma ya trela, ya kushoto, ilikuwa haiwaki. Tangu Septemba. Askari hakuuliza, na mimi sikusema. Nimekaa nayo mwezi mzima, hainipi usingizi. Kama umeandikiwa faini, waambie. Nitakuja niseme mwenyewe."

Mina akavuta kiti, akaketi.

"Yule aliyekufa alikuwa anaitwa nani?"

"Deacon. Wa binti yangu."

"Pole sana. Mwambie binti pole."

"Nitamwambia."

"Bwana Cutshaw, ulikiona kile kituo cha mafuta?"

"Kipi?"

"Chenye malori."

Royce alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Nilikiona. Nikasema hao wa malori waoga, mimi ni mwenyeji, huu upepo nitauwahi. Na wewe?"

"Kahawa."

"Kahawa gani?"

Akamweleza. Royce hakucheka safari hii. Alisema mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, asingekosa zamu hata nyumba ikiungua.

Mina alipokata simu na kumweleza mumewe habari ya taa, Harlan alipiga meza kwa kiganja. "Haya, umeshinda kesi."

"Nimeshinda nini?"

"Mina. Mtu mwenyewe anakuja kusema taa yake mbovu. Unataka nini zaidi, malaika ashuke?"

Mina akachukua kalamu, akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Akaandika jina lake chini, kwa mwandiko ule ule anaoandikia ratiba zetu.

"Wakili utamlipa?" aliuliza Harlan.

"Sina wakili. Sitaki mtu wa kunisemea. Nataka mtu aniambie kama nimekosa."

"Mimi nitakuambia bure. Umekosa."

"Wewe mume wangu. Nataka mtu asiyenijua."

Harlan akauliza kama huko Harker kuna hoteli inayoruhusu mtu kuingia na buti.

Walikwenda Februari, wakiwa wametazama utabiri wa hewa siku nne mfululizo, na Harlan ndiye aliyeendesha. Walibeba chupa ya chai na sandwichi za mayai, wakalala njiani Nebraska. Mahakama ya Harker ni chumba chenye ukubwa wa darasa, na siku ile hita ilikuwa inanguruma kiasi kwamba watu walilazimika kupaza sauti.

Askari alikuja. Lile la wakili kwamba hawaji, yeye hakulijua. Royce Cutshaw naye alikuja, kofia gotini, nywele zimelowekwa maji na kuchanwa. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye mafua, aliwakuta kwenye korido akiwa na faili mkononi.

"Mama Roetman? Tunaweza kumaliza hapa hapa. Kosa la taa mbovu, dola hamsini, leseni yako salama. Unasaini, unakwenda nyumbani."

Harlan alimgusa mkewe kiwiko. "Chukua, Mina."

"Kosa la taa sijalitenda."

"Hakuna anayesema umelitenda, mama," alisema kijana, akapenga kamasi.

"Basi nisaini nini?"

Kijana akamtazama Harlan kuomba msaada. Harlan akaangalia viatu vyake.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo ya kustaafu, sweta imechungulia chini ya joho lake, miwani inaning'inia kwa kamba. Askari alisema alichokiona: hakupima mwendo wa mtu yeyote, anaamini kabisa mama alikuwa thelathini na tano, na gari lenyewe lilivyobonyea linakubali. Royce akasimama, akaungama taa yake mbele ya watu wote, masikio yamemwiva kwa haya. Mwendesha mashtaka akaandika kitu. Harlan aliniambia pale ndipo alipoanza kuwaza watakula wapi mchana.

Hakimu akamgeukia Mina.

"Taa ile ingekuwa inawaka, ungeiona?"

"Ya kulia ilikuwa inawaka, mheshimiwa. Na sikuiona."

Mwendesha mashtaka akainua kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwomba aseme hivyo.

"Ulikuwa unaona umbali gani?"

"Boneti ya gari langu. Zaidi ya hapo, hapana."

"Mtu anayeona boneti tu anatakiwa aende mwendo gani?"

"Mimi nafundisha madereva, mheshimiwa. Huwa nawaambia..."

"Sikuuliza unawaambia nini. Mwendo gani?"

Hita ikanguruma.

"Sifuri," alisema Mina.

"Na ungesimama katikati ya barabara kuu?"

"Wa nyuma wangenigonga."

"Sasa ulitakiwa uwe wapi?"

"Kwenye kituo cha mafuta, mheshimiwa. Maili sita nyuma. Niliwasha indiketa nikaizima."

Hakimu alivaa miwani yake akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Hakuuliza kwa nini aliizima. Akaandika, polepole, kisha akasema kwamba siku ile kwenye lami ile hapakuwa na mwendo uliolingana na hali ya barabara, na anayeingia penye mwendo usiokuwapo amekosa, hata akitambaa. Akasema wengi katika foleni ile ya magari wameshakiri kwa posta, na waliobaki hawajulikani walipo. Ana hatia. Faini atalipa kama ilivyo, gharama za mahakama anafutiwa, kwa kuwa ametoka mbali.

"Una neno, Mama Roetman?"

"Hapana. Asante."

"Watu huwa hawanishukuru," alisema hakimu, akaita kesi nyingine.

Yote yalichukua dakika ishirini. Mchana walikula na Royce Cutshaw katika mkahawa ulio ng'ambo ya barabara. Harlan na Royce walizungumza bei ya nguruwe na bei ya majani makavu, wakakubaliana kwamba zote mbili ni wizi. Mina alikula sahani nzima ya maharage na nyama. Royce akamwonyesha picha ya Deacon kwenye simu, farasi wa kahawia mwenye alama nyeupe puani. Mina akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kitambo.

Garini, walipoingia Nebraska, Mina alimgeukia mumewe.

"Yule hakimu amesema sawa," alisema.

"Nilikuambia bure," alisema Harlan.

"Uliniambia nimekosa. Hukuniambia wapi."

Kisha akalala, kichwa kimeegemea kioo. Harlan alishangaa, kwa sababu katika miaka thelathini na nne ya ndoa mwanamke yule hajawahi kufumba macho mtu mwingine akiendesha.

Kendall Dorhout aliposomewa hukumu alishika kichwa. "Walikupa kosa la taa, mama! Walikupa mkononi!"

"Walinipa."

"Ukalikataa?"

"Halikuwa langu."

Sharti ni sharti. Mina alirudisha ufunguo wa basi na kusaini daftari. Harlan aliniambia kwamba jioni ile mkewe aliingia bafuni, akafungulia maji, na akakaa huko muda mrefu kuliko kuoga kunavyohitaji. Hakumwuliza. Wiki iliyofuata Kendall alimwandikia kazi ya uangalizi, mtu mzima anayekaa nyuma na watoto wa chekechea, kwenye njia namba nne hiyo hiyo. Nilikuwa bado naiendesha mimi.

Nilidhani atanirekebisha kila kona. Hakunirekebisha. Alipanda asubuhi ya kwanza na koti lake refu, akapita katikati ya viti, akaketi kiti cha mwisho kabisa kati ya mapacha wa Vande Brake. Tulipofika shuleni na watoto wakashuka, alikuja mbele akiwa amejikunyata, pua nyekundu.

"Wewe," aliniambia, "unajua kule nyuma kuna baridi kiasi gani?"

"Watoto husema."

"Na mimi waliniambia. Miaka ishirini na saba wananiambia, nami nawaambia fungeni zipu." Alivua glavu, akapuliza vidole. "Hewa ya hita haifiki. Inaishia kiti cha tano. Nimeipima kwa mkono."

Mchana wake alikwenda gereji ya shule na kumsimamia fundi mpaka fundi akalala chini ya basi na kuifungua hita ya nyuma. Ilikuwa imeziba kwa vumbi tupu, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka.